Mlango wa Uani

Jumatatu, 7 Aprili

Skuli imefunguliwa baada ya Idi. Watoto wangu wa maandalizi wamesahau kila kitu. Wamesahau irabu, wamesahau kuomba ruhusa, wawili wamekojoa juu ya mkeka kabla hata ya uji. Nimeufua mkeka, nimeuanika, mvua ikaja. Nimeuanua, jua likatoka. Masika haya yana kejeli.

Nimerudi nyumbani Jadida, hapa Wete, Bibi yupo ukumbini na tasbihi. Kabla sijavua viatu kaniuliza mbona nimechelewa. Nikasema mvua. Si uongo wote. Nilisimama na Haruna kwenye kibaraza cha skuli yao tukisubiri mvua ikatike. Ilikatika zamani. Sisi ndio hatukuona.

Haruna anasomesha hesabu sekondari, ubavuni mwetu, ua mmoja tu katikati. Kwao Wambaa. Babu yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu, akaoa, akabaki. Kwa Bibi hayo yanatosha kumfanya asiwe mtu. Sisi masharifu. Bibi akianza kuhesabu nasaba yetu huanzia Hadhramauti, na chakula hupoa hajafika nusu.

Nampenda. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 9 Aprili

Haruna leo kataka tuchague jina la mtoto wa kwanza. Mwanamme huyu hajaleta hata posa! Hajawahi kunigusa hata mkono, na mimi sikumruhusu, lakini watoto keshawapa majina na mmoja keshampeleka chuo kikuu.

Nikamwambia habari za majina asinihadithie mimi, mie mwenyewe nina mawili. Nilipozaliwa niliitwa jina jingine. Nikaumwa, wakasema jina zito, halikunikubali, nikageuzwa Nasra. Lile la mwanzo halitajwi nyumbani. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Bibi, kanitia kofi la mdomo. Haruna kasema bila shaka niliitwa Mwanashari. Nimecheka mpaka mwalimu mkuu wao katoa kichwa dirishani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilisubiri Baba aende msikitini, Bibi alale. Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuacha. Alikuna mpaka kifuu kikawa cheupe, ndipo akauliza, wa Wambaa kwa nani? Nikamtajia. Hakuna jina analolijua. Akasema Bibi atatuua sote.

Haruna analeta posa Jumapili. Nimemwambia asubiri. Kasema kuibia dakika kibarazani kama wezi wa mayai kumemchosha, anataka kupiga hodi mlangoni kama watu. Naogopa. Nafurahi pia, siwezi kukataa.

Jumapili, 13 Aprili

Wamekuja. Ami yake Haruna na wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi, wametoka Wambaa tangu asubuhi.

Nyumba yetu ina milango miwili. Wa mbele wa wageni. Wa uani wa kuni, kuku, wauza samaki, na kila ambaye Bibi haijui nasaba yake. Nilikuwa jikoni niliposikia hodi mbele. Bibi kamtuma Mama: waambie wazungukie uani. Wazee wa watu wakazunguka. Wakainama kupita chini ya kamba ya nguo. Nguo zangu mimi, nilizifua jana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba aliwakaribisha mkekani. Chai kavu. Hakuna kahawa, hakuna halua. Bibi hakai na wanaume wa nje, lakini alivuta kiti mpaka nyuma ya pazia la jikoni, na yote aliuliza yeye. Baba alikuwa anarudia tu. Babake? Marehemu. Babuye? Katoka bara. Bara wapi? Wazee wakatazamana, hawajui, nani anajua mambo ya zamani hayo. Mamake? Tatu, yupo Wambaa, zamani akikaa Mtambile mashambani.

Hapo tasbihi ilinyamaza. Nilikuwa ubavuni mwake, niliona. Nikadhani kachoka. Kisha akasema, naye hakuhitaji Baba amrudilie, maana alisema kwa sauti: "Si kufu yake."

Wazee wakashukuru kwa chai. Wakatoka walikopitia.

Jumanne, 15 Aprili

Kufu. Neno fupi hilo. Maana yake mume awe sawa na mke kwa nasaba, na mengine, lakini Bibi hajui mengine. Haruna ana shahada, hakosi sala, hatukani, hanywi. Hayo hayahesabiki. Angekuwa mlevi wa ukoo wetu, Bibi angeomba tu Mungu amwongoze na mchele wa pilau angeshauagiza.

Sijala tangu juzi. Si mgomo. Hakipiti.

Alhamisi, 17 Aprili

Baba kaniita dukani kwake. Baba ni mtu wa maneno machache na mbele ya mamake hana hata hayo machache. Kafunga mlango wa duka, kaniuliza, unamtaka kweli? Nikasema ndiyo. Kaniuliza tena kama kwamba mara ya kwanza nilikuwa natania. Ndiyo, Baba.

Kasema keshamuuliza Shehe Kombo. Kumbe kufu ni haki ya binti na walii wake, wakiridhia, ndoa inaswihi, hakuna dhambi. Nilimbusu mkono. Kasema tulia kwanza. Hawezi kumwozesha mtoto huku Bibi amegeuza uso. Nipe muda, kasema.

Ni mara ya kwanza namwona Baba ananitazama kwa kunionea huruma. Nimelia njia nzima, watu wakidhani nimefiwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Bibi kasema nikiolewa na yule, siku akifa nisimuoshe. Kayasema wakati nampaka mafuta ya mgongo. Niliendelea kumpaka. Ana mgongo mdogo siku hizi, mifupa mitupu.

Ndiye aliyenilea. Mama hakunibeba nikiwa mchanga. Nilipozaliwa tu alishikwa na homa, akavushwa Unguja pamoja na Baba, mimi nikabaki Pemba na Bibi kwenye shamba letu la Mtambile. Huwa wanasema ni Bibi na maziwa ya mbuzi ndio walioniokoa. Nampenda Bibi. Leo namchukia pia. Vyote viwili vinakaa, sijui vinakaaje.

Jumamosi, 26 Aprili

Neno limetoka! Baba kasema hivi: Bibi akikubali kukaa na mamake kijana, wakazungumza wanawake kwa wanawake, yeye ataozesha. Bibi kakataa. Baba, na hii naiandika kwa herufi nzito, Baba kasema, "Mama, safari hii nakuomba." Akatoka, hakula.

Basi wazo nimelitoa mimi. Bi Tatu aje mwenyewe, asingoje kuitwa. Aje tu, kama mtu anayepita kusalimia. Bibi ana kiburi lakini mgeni aliyekwishaingia hamfukuzi. Nimempigia Haruna. Kasita. Kasema mamake anaona haya sana nyumba za watu wakubwa, hajafika Wete miaka. Nikamwambia mwoga ni yeye, si mamake. Kakasirika, kisha kacheka, kisha kasema haya, Jumapili ya kesho kutwa wiki ijayo. Nikamwambia hiyo si tarehe, mwalimu wa hesabu. Tumekubaliana tarehe nne.

Nimemshinda. Nina raha leo. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimefagia uani mara mbili. Nimeondoa kamba ya nguo.

Jumapili, 4 Mei

Nataka kuandika kwa mpango.

Bi Tatu alifika asubuhi na Haruna. Haruna alibaki barabarani. Bi Tatu hakuusogelea hata mlango wa mbele, alizunguka mwenyewe. Mwanamke mfupi, kanga zake doti moja, kikapu cha muhogo na ndizi kichwani. Nilimwamkia shikamoo. Kanishika uso kwa viganja viwili, kasema marahaba mwanangu, kumbe ndiye wewe. Mikono migumu, ya jembe. Nikampenda hapo hapo.

Nikamkalisha mkekani. Bibi hatoki. Mama kaenda kumwita, kasema anasali. Dhuha gani hiyo isiyokwisha? Mama kaenda tena. Mwishowe Bibi katoka, mtandio kauvuta mpaka karibu na macho. Bi Tatu akainuka kumpa heshima, akamtazama, akamtazama tena, na uso wake wote ukafunguka.

"Bi Mkubwa! Bi Mkubwa wa Mtambile! Yarabi, kumbe ni wewe!" Akaenda kumbusu mkono. Bibi hakuutoa, Bi Tatu akaufuata chini ya mtandio. "Na Zuhura wangu je? Alipona? Yuko wapi Zuhura?"

Nikauliza, Zuhura nani? Niliuliza kwa kucheka, wallahi. Nilidhani tumepata bahati ya mtende. Wazee wanajuana, nini tena.

Bibi akageuza uso. Mama, naye hajui lolote, masikini, akajibu tu kwa sababu mgeni kauliza. Kasema, "Zuhura ndiye huyu. Tulimgeuza jina."

Bi Tatu akapiga kigelegele. Kigelegele kizima, majirani wakadhani posa imekubaliwa. Akanivuta, akanikumbatia, analia na kucheka, "Mwanangu! Mwanangu niliyemnyonyesha mwenyewe! Ziwa hili Haruna, ziwa hili wewe, na mlivyokuwa mkipigana mateke..."

Mikono ikaniachia. Akakaa chini mkekani taratibu, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa. Mwalimu mzima. Nilisimama nikimwambia Mama alete chai. Ndipo nikasikia nilichokisikia. Tumenyonya ziwa moja. Kwa dini yetu mimi na Haruna ni ndugu, hatuoani.

Haruna alikuwa bado nje, ananiandikia ujumbe kwenye simu: vipi, wamekubaliana?

Jumatatu, 5 Mei

Sikwenda kazini. Mama kasema nina homa. Sina.

Jumanne, 6 Mei

Nimeingia chumbani kwa Bibi, nimekaa sakafuni. Nimemuuliza yote. Kajibu yote, sijui kwa nini, labda kachoka kuyabeba.

Hapakuwa na maziwa ya mbuzi. Yaani yalikuwepo, nikayatapika. Yakaletwa ya kopo, nikayatapika. Nilikuwa nimebaki ngozi. Bi Tatu alikuwa miongoni mwa wachumaji karafuu, ana mtoto mgongoni. Alinisikia nalia akiwa mikarafuuni, akaacha kuchuma, akaingia jikoni bila kuitwa, akanitoa mikononi mwa Bibi akanipa ziwa. Nikanyonya. Hivyo tu. Kabla Mama hajarudi mzima kutoka Unguja, Bibi akampa Bi Tatu doti ya kanga, akamwambia asije tena. Akanigeuza na jina, ili hata akiuliza Zuhura, Zuhura asiwepo. Tukahamia Jadida. Mama na Baba wakaambiwa mbuzi.

Nikamuuliza: siku ya posa, walipomtaja Tatu, ulijua? Kasema ndiyo.

Basi mbona hukusema ni ndugu? Mbona ukasema kufu?

Kazungusha tasbihi muda mrefu. Kisha kasema, "Nilidhani kufu itatosha."

Aliona haya. Hilo tu. Mtoto wa kisharifu kakuzwa na ziwa la mchuma karafuu, watu wasijue. Bora nidhani Haruna hanifai kuliko nijue mamake alinipa uhai.

Jumatano, 7 Mei

Siwezi kuacha kuwaza hili. Bibi angesema tangu zamani, ningekuwa na kaka Wambaa. Ningepelekwa kila likizo. Tungegombania embe, ningemsukuma majini, angenisema kwa mamake. Ningekuwa nimemjua pua yake inavuja. Nisingeangalia vidole vyake hata siku moja.

Hatukukosea sisi. Mtu kasimama baina yetu kwa kiburi, akatuficha mmoja kwa mwenzake, mpaka tukakutana kama wageni. Wageni hupendana. Nani atalaumiwa?

Alhamisi, 8 Mei

Haruna kapiga simu. Sauti imekauka. Hakulia, anasomesha tu, kama yuko ubaoni. Kasema keshasoma, keshauliza: unyonyeshaji mmoja mmoja haufanyi undugu. Lazima ziwe mara tano, za kushiba, tena za yakini. Ikiingia shaka, hukumu haipo. Kasema tena polepole: ikiingia shaka, Nasra.

Tunakwenda kwa Shehe Kombo keshokutwa, sote. Bibi atasema mara moja, mbili. Keshamwambia Baba hivyo, maana bado anataka kulipunguza lile jambo. Kuna mtu mmoja tu anayejua zaidi.

Nimempigia Bi Tatu. Nimefanya hivyo, sijivuni. Nikamwambia, mama, ukiulizwa, sema hukumbuki. Miaka mingi, mtu husahau. Hutasema uongo mkubwa. Nikasikia kuku wake wakilia kwenye simu. Kisha kasema, "Mwanangu, mie husahau funguo." Simu ikakatika, sijui chaji, sijui kakata.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Nimesali kila sala na sunna zake. Naomba shaka. Sijawahi kusikia mtu anaomba shaka.

Jumamosi, 10 Mei

Sebuleni kwa Shehe Kombo. Wanaume upande huu, sisi upande ule. Haruna kavaa kanzu mpya, nadhani ile aliyokuwa anaiweka kwa siku ya ndoa. Hakunitazama. Shehe ni mtu mpole, kauliza kwa adabu, kamwanza Bibi kwa umri.

Bibi kasema mara moja, labda mbili. Mtoto alikuwa analia, kasema, ikabidi. Mimi najua si kweli. Bibi alinihadithia mwenyewe sakafuni. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwombea Bibi uongo wake ukubaliwe. Sisi wawili, baada ya vita vyote hivi, tulikuwa tunataka kitu kimoja: yeye aibu yake ifichike, mimi niolewe.

Shehe akamgeukia Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa kakunja mikono juu ya magoti. Alimtazama Haruna kwanza. Haruna akamtazama mamake, na kila mtu sebuleni aliona anachomwomba. Bi Tatu akashusha macho.

Kasema, "Shehe, huyu nimemnyonyesha tangu karafuu zinaanza kuchumwa mpaka za mwisho zimekauka majamvini. Kutwa kucha. Alikuwa hashiki kingine. Nikisema mara mbili nitakuwa namkana mwanangu, na nilishatenganishwa naye mara moja, sitaki tena."

Haruna akafumba macho.

Shehe akamrudia Bibi. Hakumuuliza kitu, alimngoja tu. Bibi akaanza kulia. Sijawahi kumwona Bibi analia, hata alipofiwa na babu. Kasema, "Ni kweli. Ndiye aliyemponesha."

Basi. Shehe kasema hawa ni ndugu, haramu kuoana milele. Kasema tusihuzunike, tumeruzukiwa ndugu ambao hatukuwa nao. Alisema kwa wema, namjua. Nilitaka kumtupia kiatu.

Tulipotoka Bi Tatu alinijia mlangoni. Sikumwamkia. Nilimpita. Mungu anisamehe, nilimpita kama Bibi alivyompita.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna.

Jumatano, 14 Mei

Watoto wameuliza mbona mwalimu macho mekundu. Nikasema vitunguu. Mmoja kaniletea kitambaa chake cha kufutia pua, kimetumika. Nimekipokea.

Haruna hajaja skuli wiki hii.

Jumatatu, 19 Mei

Kaja. Nilimwona ng'ambo ya ua anafunga baiskeli. Kaniona. Zamani angesimama kibarazani kujifanya anasoma ubao wa matangazo. Leo kaja moja kwa moja mpaka kwenye ua, mchana kweupe, mbele ya walimu, kwa sababu sasa anaruhusiwa. Hakuna aliyegeuka. Imeshasambaa mji mzima habari yetu, na watu wanaiona nzuri. Mashaallah, kaka na dada.

Kasema ameomba uhamisho, Mkoani. Huenda wampe karibuni. Nikasema vizuri. Kasema mamake hali vizuri tangu siku ile. Nikasema vizuri. Nilisema vizuri kwa kila kitu kama kasuku. Kasema, "Usimkasirikie yeye." Nikasema simkasirikii. Uongo.

Ijumaa, 23 Mei

Mama kaniambia, kwa kunituliza, kwamba sasa Haruna anaweza kuja wakati wowote, kukaa, kula, kulala hata. Ni maharimu wangu. Naweza kusafiri naye, kukaa naye chumba kimoja mlango umefungwa, hapana neno. Mama wa watu anadhani ananipa kitu.

Mwaka mzima tuliibia dakika mvuani, mkono kwa mkono hatukugusana, nikirudi nyumbani nikitunga uongo wa kumpa Bibi. Sasa milango yote imefunguliwa. Sasa hakuna mtu anayenichunga.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda Wambaa. Peke yangu. Nilimwambia Baba nakwenda kumwona mama. Kasema mama yupi? Kisha akaelewa, akanipa mchele na sukari nimpelekee.

Bi Tatu alikuwa anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Aliponiona alitupa jembe. Nikamwamkia. Nikamwomba radhi, kwa simu ile, na kwa kumpita. Kasema hakumbuki. Nikamtazama. Kasema, "Hilo ndilo ninaloweza kulisahau."

Nimelala mapajani mwake kama mtoto, mwanamke mzima wa miaka ishirini na tano, nimelia kila kitu. Hakunikataza. Alinikanda mgongo kwa mkono ule ule wa jembe. Ana harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Nilijaribu kukumbuka. Hakuna mtu anayekumbuka umri ule, najua. Nilijaribu.

Haruna hakuwepo. Keshahamia Mkoani.

Jumanne, 3 Juni

Bibi kamwambia Baba awaalike watu wa Wambaa Idi hii ya kuchinja. Wote. Baba kauliza waje saa ngapi. Bibi kajibu, saa yoyote, hapo ni kwa mtoto wao.

Nilikuwa napanga viatu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mvua imekatika, jua jembamba. Pilau, nyama, kachumbari. Nimepika tangu alfajiri na Mama.

Walipiga hodi mlango wa mbele. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Bibi akaita kutoka ukumbini, "Nasra, mfungulie kakako."

Nikafungua. Ami yake, wadogo zake, Bi Tatu kwa kanga mpya. Haruna nyuma. Amekonda. Bi Tatu akasema, "Haruna, mpe dadako mkono wa Idi." Akanyoosha. Nikanyoosha. Mkono wake mkavu, una chaki kwenye mistari ya kiganja hata siku ya sikukuu. Kasema, "Idi njema, dada." Nikasema, "Na wewe pia, kaka." Ulikuwa mkono wa mara ya kwanza. Ami yake alikuwa anangoja wake, nikampa.

Wamekaa ukumbini, na safari hii Bibi hakutaka pazia. Bibi kamkalisha Bi Tatu kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kochi la pembeni. Halua imeletwa, kahawa imeletwa. Bibi kaanza kuwahadithia nilivyokuwa mchanga, akimwachia Bi Tatu amalizie. Haruna alikuwa anacheka panapochekesha.

Nilipoleta vikombe Mama kasema, "We Nasra, na joto lote hili, vua ushungi. Hapa hamna mgeni." Wote wakanitazama. Nilishika pini. Mkono haukuendelea.

Haruna alikuwa anatazama kikombe chake. Kasema, "Mwache, Mama. Kazoea."

Nikamtilia kahawa. Nikawatilia na wengine.

Waliondoka baada ya adhuhuri. Bibi aliinuka mwenyewe kuwafungulia mlango wa mbele, akasimama pale mpaka wamepinda kona. Mimi nikakusanya vikombe, nikatoka navyo uani kuviosha.